Jangwani, Kaunda na maji ya Msimbazi: kwa nini mali ya klabu huzua ugomvi kila inapotaka kujengwa upya

Wiki chache zilizopita, tulipokuwa tunazungumzia ligi katika kipindi cha michezo cha jioni, msikilizaji mmoja wa kata ya Itaka alitutumia ujumbe mfupi. Aliuliza hivi: "Yanga ni klabu kubwa, ina wanachama nchi nzima, ina jengo na kiwanja chake Jangwani. Mbona mpaka leo hawajengi uwanja? Nani anawazuia?" Kabla hatujamaliza kusoma ujumbe huo hewani, mwingine akaingia kutoka kijiji cha jirani: "Hayo ya Jangwani tuyaache. Hapa kwetu kiwanja cha mpira kinataka kujengwa fremu za maduka. Kiwanja ni cha nani?"

Siku ile tulijibu kwa dakika tatu tu, na muda ukatubana. Lakini maswali hayo mawili ni ndugu. Kinachotokea kwa klabu kubwa mjini ndicho kinachotokea kwa timu ya kijiji, isipokuwa kule fedha ni nyingi na magazeti yanaandika. Kwa hiyo hapa tunaeleza kwa kirefu: mali ya Jangwani ilitoka wapi, kwa nini kila mpango wa kuijenga upya huzua mabishano, sheria inasema nini, na wewe uliye kijijini ufanye nini kabla kiwanja chako hakijapimwa na watu usiowajua.

Jangwani ilianzaje

Klabu ya Young Africans, ambayo sote tunaiita Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka mmoja baadaye baadhi ya watu walijitoa na kuanzisha timu yao, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ikawa Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Hizi zote ni klabu za wanachama. Hazikuanzishwa na tajiri wala kiwanda. Zilianzishwa na watu wa mitaa ya Kariakoo waliochanga senti zao, wakacheza, wakagombana na kupatana.

Yanga ilipata makao yake makuu kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Jengo lile, pamoja na kiwanja cha mpira kilicho ubavuni mwake, ni kazi ya miaka ya mwanzo ya 1970. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, ndiye anayetajwa sana na wazee wa klabu kwa kuwasaidia kulipata. Kiwanja kikapewa jina la Kaunda.

Sisi wa ukanda huu wa mpakani jina hilo halitupiti hivi hivi. Kenneth Kaunda alikuwa Rais wa Zambia tangu 1964 hadi 1991, na miaka ile ndiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kupita hapa kwetu, Mlowo, Vwawa na Tunduma, kwenda kwa jirani. Urafiki wa Mwalimu Nyerere na Kaunda uliacha alama kwenye ardhi yetu kwa njia ya reli, na kule Kariakoo uliacha alama kwenye lango la kiwanja cha mpira.

Kwa hiyo mtu anaposema "bomoeni tu pale mjenge kitu cha kisasa", mzee mwenye kadi ya uanachama ya miaka hiyo anasikia jambo jingine kabisa. Anasikia kwamba kumbukumbu yake inawekwa sokoni. Kuna sababu nyingi za ugomvi, na hiyo ni ya kwanza.

Tatizo la kwanza ni maji

Tuanze na jambo lisilo na siasa. Jangwani ni bonde. Mto Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya Dar es Salaam, unakatiza chini ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mvua ikinyesha sana juu, maji yote yanashuka kupitia hapo. Mji umejengwa pande zote mbili, ardhi iliyokuwa inakunywa maji sasa ina mapaa na sakafu, na mchanga na takataka zimejaza njia ya mto. Matokeo yake kila msimu wa masika tunasikia barabara ya Jangwani imefungwa.

Mnamo Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Baadaye kituo kikubwa cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa hapo hapo Jangwani nacho kikaingia maji mara kwa mara, mabasi yakaharibika. Kama mabasi ya Serikali yanaogelea, kiwanja cha mpira je?

Kiwanja cha Kaunda kilikufa kwa njia hiyo. Maji yaliingia, tope likabaki, nyasi zikawa magugu. Timu ikawa inahangaika kutafuta pa kufanyia mazoezi. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikijifua Kigamboni, na mechi zake inachezea viwanja vya wengine: Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao ni wa Serikali, ule wa Azam kule Chamazi na ule wa KMC. Timu inayojaza watu wengi kuliko karibu timu yoyote nchini ni mpangaji.

Mpango mkubwa na jibu la Serikali

Mwaka 2012 Yanga ilimchagua Yusuf Manji, mfanyabiashara, kuwa mwenyekiti. Uongozi wake ulikuja na mpango wa kujenga upya Jangwani. Walizungumza na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group, ile ile iliyojenga Uwanja wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2007 na sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Michoro ilionyeshwa: uwanja wa maelfu ya watu, na pembeni majengo ya biashara ambayo kodi zake zingeilisha klabu.

Lakini eneo la klabu lilikuwa dogo kwa michoro ile. Ilibidi waombe ardhi ya nyongeza kutoka upande wa bonde. Hapo ndipo mpango ulipokwama. Manispaa ya Ilala na mamlaka za ardhi hazikuwapa nyongeza waliyoomba, na sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile: eneo ni la hatari, ni njia ya maji, halifai kujazwa kifusi na kusimamishwa majengo makubwa.

Mashabiki wengi waliliona hilo kama hila. Wakauliza: mbona mabasi ya mwendokasi yaliruhusiwa kujenga bondeni na sisi tunakatazwa? Swali hilo halikuwa la kijinga. Mtu anaponyimwa kibali huku akiona mwenzake amepewa hatua chache kutoka hapo, hawezi kuamini kwamba sababu ni maji. Lakini kosa la mmoja haligeuki kuwa ruhusa ya mwingine. Kituo kile cha mabasi kilichoingia maji ndicho ushahidi mzuri kuliko wote kwamba bonde halina mchezo.

Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo ni vyema tulielewe. Ukijaza kifusi kwenye bonde ili kuinua kiwanja chako, maji hayapotei. Yanatafuta kwingine. Ukiinua upande wako kwa meta mbili, yule aliye upande wa pili wa mto, ambaye mwaka jana maji yalimfika magotini, mwaka huu yatamfika kifuani. Mkulima wa bondeni analijua hili bila kusoma: jirani akiziba mfereji, shamba lako ndilo linalolipa. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto, na miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza.

Hali imebadilika kidogo tangu hapo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi: kupanua na kuimarisha njia ya mto, kuhamisha na kulipa fidia watu wanaokaa kwenye hatari, kujenga daraja jipya Jangwani na kuacha eneo la wazi la mji. Uongozi wa sasa wa Yanga, chini ya Rais wa klabu Hersi Said aliyechaguliwa mwaka 2022, umerudi kwenye wazo la kujenga palepale Jangwani na umeiomba tena Serikali eneo la nyongeza. Hoja yao ni kwamba mto ukishadhibitiwa, kile kilichokataliwa zamani kinaweza kufikiriwa upya. Hoja hiyo ina uzito, lakini inategemea kazi ya mto kwisha vizuri kwanza. Uwanja ukitangulia na mto ukafuata, tutarudi kulekule.

Wanaobishana wanabishania nini

Ukisikiliza simu za wasikilizaji kuhusu Jangwani, utasikia makundi manne.

La kwanza linasema: jengeni palepale. Hapo ndipo nyumbani, ndipo jina la Wanajangwani lilipotoka, na ni karibu na Kariakoo ambako watu wote wanafika.

La pili linasema: uzeni au pangisheni pale, mjenge nje ya mji. Ardhi ya Kariakoo ni ghali mno, na kwa thamani ya eneo dogo pale mtu anapata eneo kubwa Kigamboni au kwingine, lisilo na maji. Wakati wa Manji eneo la Geza Ulole huko Kigamboni lilitajwa sana kwa ajili hiyo.

La tatu linasema: msiuze, ingieni ubia. Mwekezaji alete fedha, ajenge, akusanye kodi kwa miaka kadhaa kisha arudishe.

La nne, ambalo mara nyingi ni la wazee, linasema: msiguse kitu mpaka mtuonyeshe karatasi. Watu huwacheka wazee hawa, wanaambiwa wanazuia maendeleo. Sisi tunaona ndio wanaouliza swali lenye maana kuliko yote. Kabla ya kuuliza "tujenge nini", wanauliza "anayetia saini ni nani, na ametumwa na nani?"

Klabu ni ya nani hasa?

Hapa tuchukue mfano wa nyumbani. Wengi wetu Mbozi ni wakulima wa kahawa, na wengi tumo kwenye AMCOS. Chama kina ghala, kina mizani, pengine kina kiwanja. Vitu hivyo ni vya nani? Mwenyekiti havimiliki. Wewe mwanachama mmoja huwezi kubeba mizani ukaenda nayo nyumbani ukisema "hii ni sehemu yangu". Mali ni ya chama, na chama ni ninyi nyote kwa pamoja, kwa taratibu zilizoandikwa.

Klabu ya michezo ni hivyo hivyo. Inasajiliwa kwa Msajili wa Vilabu na Vyama vya Michezo, chini ya sheria ya mwaka 1967 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa, yaani BMT. Ina katiba yake. Mali zake zisizohamishika, kama ardhi na majengo, kwa kawaida huwekwa chini ya bodi ya wadhamini inayosajiliwa RITA. Wadhamini ndio jina lao linaandikwa kwenye hati. Kamati ya utendaji inaendesha timu, inasajili wachezaji, inalipa kocha. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho.

Kwa hiyo kuna mikono mitatu: wadhamini wanaoshika hati, viongozi wanaoendesha, na wanachama wanaoamua. Mikono hii ikifanya kazi pamoja, mali iko salama. Hatari inaanza mkono mmoja unapojifanya ndiyo yote mitatu. Kiongozi anayesaini mkataba wa ardhi bila mkutano, au mdhamini anayekaa na hati nyumbani kana kwamba ni urithi wa baba yake, au mkutano unaopiga makofi bila kusomewa mkataba: yote matatu yametokea katika michezo ya nchi yetu.

Yanga yenyewe imewahi kupasuka kwa mambo ya namna hii. Mwaka 1976 ugomvi ndani ya klabu ulizaa timu ya Pan African. Baadaye, wazo la kuigeuza klabu kuwa kampuni liliwagawa wanachama katika kambi mbili zilizojulikana kama Yanga Asili na Yanga Kampuni. Walioogopa kampuni hawakuwa wanaogopa neno. Waliogopa kwamba siku hisa zikiuzwa, jengo la Jangwani litakuwa limeuzwa pamoja nazo bila mtu kutamka neno "nyumba".

Makofi si mkataba

Mfano wa Agosti 2016 tunausimulia kwa sababu una funzo kubwa. Katika mkutano wa wanachama uliofanyika Dar es Salaam, Manji aliomba akodishwe klabu kwa miaka 10. Katika faida, yeye angechukua asilimia 75 na klabu asilimia 25. Hasara ingekuwa yake. Ukumbi ulishangilia na kukubali.

Kisha maswali yakaanza. Mkataba umeandikwaje? Klabu imethaminishwa kwa kiasi gani? Nani amekagua? Katiba inaruhusu? BMT na Serikali wakaingilia kati, na mpango ule haukufika mbali. Mwaka uliofuata Manji aliachia ngazi. Alifariki mwaka 2024, na hata leo wapo wanaosema angeachwa angeijenga klabu, na wapo wanaosema klabu iliponea chupuchupu. Hatuna haja ya kuamua hilo hapa. Funzo ni kwamba makofi hayawezi kuchukua nafasi ya karatasi, hata kama anayepigiwa makofi ana nia njema kabisa.

Kwa upande wa Simba mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa kuahidi shilingi bilioni 20. Serikali ikaweka msimamo kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walipitisha mabadiliko ya katiba kwa mfumo huo huo. Lakini hata Simba mjadala haukuisha: thamani ya jina na ya majengo ya Mtaa wa Msimbazi ilihesabiwaje, na fedha zimewekwa wapi? Maswali hayo yaliendelea kwa miaka kadhaa.

Asilimia 51 ni kinga nzuri, lakini si kinga ya ardhi peke yake. Mtu mwenye asilimia 49 na fedha zote mkononi anaweza kuwa na sauti kubwa kuliko watu elfu wenye asilimia 51 wasiohudhuria mkutano. Kinachoilinda ardhi ni kifungu cha katiba kinachosema wazi kwamba jengo na kiwanja havitauzwa, havitawekwa rehani wala kupangishwa kwa muda mrefu bila mkutano mkuu kuridhia kwa kura.

Wenzetu yamewakuta nini

Kampala kuna Uwanja wa Nakivubo. Uliwekwa kuwa kumbukumbu ya askari wa Uganda waliokufa vitani, ukasimamiwa na wadhamini kwa mujibu wa sheria, na ndipo vilabu vikubwa kama Villa na Express vilipojengea majina yao. Mwaka 2017 uwanja wa zamani ulikuwa umekwisha bomolewa ili mfanyabiashara Hamis Kiggundu aujenge upya, kwa mpango wa uwanja mpya uliozungukwa na maduka. Watu walipiga kelele: mali ya umma inatolewa kwa mtu mmoja. Kwa miaka mingi palikuwa na kifusi na mabishano. Mwaka 2024 Rais Museveni aliufungua tena ukiwa mpya. Wapo waliosema "mnaona sasa?" Lakini swali la nani anamiliki nini, na kwa masharti gani, halikuondoka na nyasi mpya. Na ajabu ni kwamba Nakivubo nako kuna mfereji mkubwa wa maji unaopita pembeni, na mwaka 2025 mpango wa kuufunika na kujenga juu yake ulizua mvutano mwingine, kwa sababu ile ile ya Jangwani: maji yatakwenda wapi?

Huko Uingereza kuna mfano mchungu zaidi. Klabu ya Brighton ilikuwa na uwanja wake, Goldstone. Viongozi wake waliuuza katika miaka ya 1990 kwa wajenzi wa maduka, kabla klabu haijapata uwanja mwingine. Ilikuja kugundulika kwamba katika katiba ya klabu kulikuwa na kifungu kilichozuia wenye hisa kunufaika na mauzo ya mali, na kifungu hicho kilikuwa kimeondolewa kimyakimya. Mechi ya mwisho pale ilichezwa Aprili 1997. Kwa misimu miwili timu ikacheza mechi zake za "nyumbani" katika mji wa Gillingham, umbali kama wa kutoka Tunduma hadi Mbeya mjini. Hawakupata uwanja wao wenyewe wa kudumu mpaka 2011. Miaka 14 bila nyumba, kwa sababu ya mstari mmoja uliofutwa kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye kiwanja chako

Msikilizaji wetu wa pili aliuliza: kiwanja cha kijiji ni cha nani? Jibu la kweli ni kwamba inategemea, na ni lazima ujue kabla hujaanza kugombana. Viwanja vingi vya mpira tunavyovijua huku kwetu huangukia katika moja ya makundi haya.

Kuna vilivyo ndani ya eneo la shule. Hivyo ni vya shule, na timu ya mtaa inacheza kwa hisani. Kuna vilivyo kwenye ardhi ya mtu au taasisi ya dini, ambaye aliruhusu tu watoto wacheze. Miaka 20 ya kucheza inaweza kuwafanya mjione wenyeji, lakini kama hakuna maandishi, siku mwenyewe akifariki watoto wake wanaweza kuwa na mawazo mengine. Kuna vilivyo mikononi mwa chama cha siasa. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, ukiwemo Sokoine wa Mbeya, vinamilikiwa na CCM. Vilijengwa wakati wa chama kimoja, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 wapinzani wamekuwa wakidai virudishwe kwa umma kwa kuwa wananchi wote walichangia, huku CCM ikisema ni mali yake halali. Na kuna vile vilivyo kwenye ardhi ya kijiji.

Kwa hivi vya mwisho, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakupa nguvu. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, siyo wa wazee peke yao wala wa wanaume peke yao. Sheria pia inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja na inataka iwekwe kwenye kumbukumbu. Kiwanja cha mpira ambacho hakijaandikwa popote ni rahisi kuitwa "eneo lililo wazi", na eneo lililo wazi halikosi mtu wa kulitamani, hasa likiwa kando ya barabara.

Mijini kama Tunduma, Vwawa na Mlowo utaratibu ni mwingine. Huko kuna ramani za mipango miji. Kama kiwanja kimechorwa kuwa eneo la michezo au la wazi, kukigeuza kuwa cha biashara ni kubadili matumizi ya ardhi, na jambo hilo linatakiwa kutangazwa ili wenye pingamizi wasikilizwe. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize kiwanja kimechorwa nini. Kuuliza ni haki yako.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Ukisikia kiwanja au jengo la timu yenu linataka kuendelezwa, usianze na "hatutaki". Anayesema hatutaki kila siku hasikilizwi siku ya maana. Uliza haya, na uombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

Hati au kumbukumbu ya eneo iko wapi, na ina jina la nani?

Anayetaka kujenga anapewa kwa muda gani, na muda ukiisha majengo yanakuwa ya nani?

Timu itacheza wapi wakati wa ujenzi, na eneo hilo limeshapatikana au linaahidiwa tu?

Fedha za kodi zitaingia akaunti gani, na nani atazisoma mbele ya watu?

Maji ya mvua yatapita wapi?

Wasichana na watoto wadogo wanaokitumia kiwanja wameulizwa? Mara nyingi kamati ya timu ni ya vijana wa kiume, na wale wa netiboli hupata habari wakati nguzo zimeshasimikwa.

Kama hamridhiki, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la Kata linaweza kusuluhisha. Ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muhtasari wa mkutano, hata ulioandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, una thamani kubwa huko kuliko kelele za watu 200.

Kwa yule aliyeuliza nani anawazuia Yanga, jibu letu ni hili. Kwanza mto uliwazuia. Kisha ardhi ya nyongeza ambayo haikuwa yao. Na katikati ya hayo, wanachama wenyewe walishindwa kwa muda mrefu kukubaliana nani asaini kwa niaba ya wote. Fedha ndiyo iliyokuwa sababu ndogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayotajwa kwanza.

Na kwa yule wa kiwanja cha fremu: mkutano mkuu wa kijiji chenu ukiitishwa, usiende peke yako. Nenda na timu nzima, na mmoja wenu abebe daftari na kalamu. Kisha mtutumie ujumbe mtuambie ilikuwaje.